Figo ya Salwa

Uvimbe ule niliuona mimi kwanza, na niliuona kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kingine. Mume wangu Habibu alikuwa amejilaza mkekani baada ya sala ya Adhuhuri, shuka imepanda magotini, nami nilikuwa namkagua. Ndiyo, namkagua, na sioni haya kulisema. Kila alipotoka nyumba ya pili nilimpitia kuanzia utosini mpaka kisiginoni: doa la hina shingoni, harufu ya udi nisioufukiza mimi, kucha alizokatiwa na mkono mwingine. Siku hiyo sikuona hina. Kwenye muundi wa mguu wa kulia niliona kitu kimejitokeza chini ya ngozi, cheusicheusi, ukubwa wa punje ya kunde.

Nikakibonyeza. Akafumbua macho. Nikamwuliza kama kinauma, akasema hakiumi, na kisichouma si ugonjwa, akageukia ukutani. Nikamwuliza kama Salwa amekiona. Hapo akaamka sawasawa na kukaa kitako, maana alijua kwamba swali lile halikuwa la uvimbe.

Salwa ni mke mwenzangu. Habibu alinioa mimi kwetu Ruaruke, akiwa hana kitu zaidi ya baiskeli na heshima ya baba yake. Tulilima mpunga bondeni, tukaamia ndege, tukaishi miaka ile ambayo kipande cha sabuni ulikipangia foleni ukarudi mikono mitupu. Kisha ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara, na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Habibu akaanza kununua kamba kwa wavuvi wa delta na kuwakimbiza Dar kwenye barafu. Kamba wakamletea boriti za mikoko, boriti zikamletea lori, tukahamia Kibiti, akafungua duka la bati na misumari kando ya barabara. Tulipoanza kula wali bila kuupima, ndipo alipokwenda Mbwera kununua boriti akarudi na Salwa.

Loo, kalime wewe, akavune mwingine! Binti wa watu wa Mbwera, wale wenye masanduku ya njumu na nasaba ndefu, anasoma Kurani kwa sauti ambayo hata mimi niliyemchukia nilisimama uani kuisikiliza. Nilipewa maneno yote anayopewa mke mkubwa: subira, sheria, kwamba mume atafanya uadilifu. Uadilifu aliufanya kweli. Akinunua khanga ni doti mbili za rangi moja, akileta samaki ni wawili wa urefu mmoja, na usiku ulikuwa mmoja kwangu na mmoja kwake. Kilichoniuma ni kwamba nilimtaka mzima, si kwa mafungu. Nilitaka hata siku moja kabla sijafa Habibu awe wangu peke yangu kama alivyokuwa Ruaruke, na sikuwa nimeona njia ya kuipata siku hiyo.

Kisha, uvimbe ule bado haujatokea, akaugua. Miguu ikavimba, uso ukawa wa rangi ya majivu, chakula kikawa hakikai tumboni. Daktari Tamimu, bingwa aliyemtibu katika hospitali moja ya Dar, akatwambia figo zote mbili zimekufa. Njia ni kwenda India kupandikizwa nyingine, na wa kuitoa awe mtu aliye hai, mzima, mwenye damu inayopatana na yake. Ndugu zake wa tumbo moja kila mmoja akawa na safari. Mimi nilinyoosha mkono daktari hajamaliza sentensi. Wallahi, ningetoa zote mbili.

Wakanipima, damu yangu ikakataa. Wakampima Salwa, ikakubali. Nilikuwa nimemzalia Habibu watoto watatu, nimemwuguza homa na kuhara, nimemfulia jasho la ujana wake wote, na mwili wake ukasema huyu hatumjui. Mwanamke wa juzi, ambaye hakuwa hata na mtoto, ndiye aliyechaguliwa na mwili ule. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka kumpongeza.

Lori likauzwa, wakaenda India wawili, nami nikabaki na duka msimu mzima wa masika. Waliporudi Habibu alikuwa anatembea kama kijana. Tulisoma maulidi, nikapika mimi. Wanawake wakamzunguka Salwa chumbani wakitaka kuliona kovu, naye akainua gauni kwa haya, na lilikuwa limemzunguka ubavu kutoka mgongoni hadi karibu na kitovu. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika jikoni kwamba huyo ndiye mke, wengine ni wapishi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma, nikaendelea kupakua.

Mke mwenza wa kawaida unamwonea wivu usiku mmoja, kesho zamu ni yako. Wa kwangu alikuwa ndani ya mume wangu kila usiku. Ile figo hawakuiweka mgongoni zilipo zake. Waliiweka mbele, chini ya tumbo, upande wa kulia. Nilipopitisha mkono pale niliisikia imetuna, ngumu kidogo, ya uvuguvugu. Nikageukia ukutani. Usiku wangu ulikuwa wa watu watatu.

Walirudi pia na vidonge, vya asubuhi na vya jioni, mpaka mwisho wa maisha yake. Salwa ndiye aliyefundishwa habari zake huko, naye akanieleza kwa upole: mwili una walinzi wake, wakiona kitu kigeni wanakipiga mpaka kife, na vidonge hivi vinawalaza walinzi ili wasimpige mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikasema moyoni. Huyu mgeni wetu alikuwa analaziwa walinzi wote wa nyumba, naye anastareheshwa maisha.

Sasa tazama mambo ya ukewenza. Salwa alitaka chupa ya vidonge ikae kwake, kwa kuwa yeye ndiye aliyefundishwa. Nikasema ikikaa huko, basi na mume akae huko. Habibu akafanya uadilifu wake: akanunua chupa mbili, moja huku na moja kule, kila mke ampe dawa katika siku yake. Aliona amepata dawa ya fitina, na kila mtu akamsifu kwa hekima.

Lakini kwetu siku haianzi asubuhi. Usiku unatangulia mchana wake. Jua likizama ndiyo siku imeingia, na zamu hubadilika Magharibi. Habibu alitoka nyumba moja baada ya Alasiri, akapitia dukani, akaswali Magharibi msikitini, kisha akaingia nyumba ya pili. Kidonge cha jioni kikaangukia mpakani. Mimi nilimpa kabla hajatoka, kwani mke gani anayemtoa mume mlangoni pake na dawa hajanywa, ili wa pili aseme alikuwa hatunzwi? Salwa naye alimpa akishaingia, kwani usiku ule ulikuwa wake tayari. Kesho yake yeye akampa kabla hajatoka na mimi nikampa alipoingia. Kila mmoja alikuwa amefuata sheria. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba yule ana sehemu.

Basi miezi ikapita hivyo. Uso wa Habibu ukanenepa ukawa wa mviringo, watu wakasema ndiyo afya, ndiyo ruksa hiyo. Kwenda kupimwa Dar akawa anaahirisha kwa sababu ya biashara. Na nilipouona ule uvimbe pale mkekani, alikwenda zahanati kunyamazisha mdomo wangu tu, wakamwambia ni jipu litapasuka lenyewe.

Halikupasuka. Lilikua likafika ukubwa wa korosho, na pembeni yake likachipuka la pili. Nilimsihi twende Dar, akaniambia nina wasiwasi wa kike. Mficha maradhi kilio humfichua, nikamjibu, akaondoka na kiatu kimoja mkononi. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya maulidi. Nilijifunga khanga, nikavuka barabara, nikapiga hodi kwa Salwa.

Alikuwa anachambua mchele. Nikamwuliza kama ameuona mguu wa mumewe. Akasema hapana, kuna nini? Na uso wake ulikuwa wazi kabisa, nikajua hadanganyi. Hakuwa na tabia ya kumkagua. Alikuwa na uhakika wake ndani ya mwili wa mtu; angekagua nini? Wivu ulinipanda mpaka nikasahau nilichofuata, kisha nikamweleza. Ungo ukamtoka mkononi, mchele ukamwagika wote.

Tulipomkabili wawili kwa pamoja hakuwa na pa kugeukia. Tukaenda Dar watatu. Daktari Tamimu akaingiza sindano kwenye uvimbe akavuta usaha wa rangi ya kahawia iliyokolea, akaupeleka maabara, akamlaza Habibu wodini, tukingoja. Majibu yalipotoka alituita sote chumbani kwake. Akatwambia kwamba hilo si jipu wala si saratani. Ni kuvu, aina nyeusi, inayoishi kwenye udongo na mbao zilizolowa. Mtu mwenye afya akichomwa na kijiti chenye kuvu hiyo, mwili unaimaliza wenyewe bila yeye kujua. Mtu aliyepandikizwa figo, ambaye walinzi wake wamelazwa, inakaa inajijengea. Alisema ameisoma vitabuni, na kwa mgonjwa wake mwenyewe hii ni ya kwanza.

Habibu akakumbuka. Miezi michache nyuma alikuwa Nyamisati kukagua boriti zilizokuwa zimelala majini, akachomwa na kibanzi kwenye muundi, akakichomoa akakitupa, akaendelea na bei.

"Hiyo nimeielewa," daktari akasema. "Nisichokielewa ni damu yako. Chembe zinazopigana na maradhi zimeshuka mno. Hiki ni kipimo cha mtu anayekunywa dawa zaidi ya nilivyomwandikia. Nani anampa ya jioni?"

"Mimi," nikasema, "kabla hajatoka."

"Mimi," akasema Salwa, "akishaingia."

Feni ilikuwa inazunguka juu na kulialia. Salwa akanitazama, nikamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika maisha yangu tulikuwa tunafikiri kitu kimoja. Daktari akamgeukia Habibu, akamwuliza vidonge vilipokuwa vinaisha kabla ya wakati, nani alikuwa anakwenda kununua vingine. Habibu akatazama mguu wake uliofungwa bandeji.

"Nilijua," akasema. "Nilivimeza vyote. Nikikikataa cha huyu nimesema simwamini, nikikikataa cha yule ndiyo hivyo hivyo. Niliona heri mwili unikasirikie kuliko nyumba."

Nakwambia, hasira niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tena. Mwanamume aliyebishana na mabaharia na mabwana misitu, asiyeogopa mamba wala kodi, alikuwa anakunywa sumu kila Magharibi kwa kuogopa kununiwa! Na chini ya hasira ile, aibu inipate nikisema uongo, kulikuwa na kitu kama utamu: kumbe kuninyima mimi kuliwahi kumshinda.

Daktari hakuwa na muda wa mambo yetu. Uvimbe utakatwa wote, kisha atakunywa dawa ya kuvu kwa miezi mingi. Dawa za kulaza walinzi lazima zipunguzwe, kwa kipimo, na kipimo chenyewe kitakuwa kinabadilika. Zikizidi, kuvu itapanda mpaka ubongoni. Zikipungua mno, mwili utaitupa figo, na figo nyingine hakuna. Kwa hiyo kuanzia siku ile dawa itatoka mkono mmoja, asubuhi na jioni, awe amelala nyumba yoyote. Akamwambia Habibu achague mkono.

Habibu alimtazama Salwa, akanitazama mimi, akatazama dirisha. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na sikuwa namwombea afya. Nilikuwa naomba aseme Mwatumu. Basi, jina langu tu, alitamke mbele ya yule mwanamke na mbele ya daktari. Hakulitamka. Alisema apewe muda afikiri, daktari akatutoa nje.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mimi na Salwa, mkoba wa nguo za mgonjwa katikati yetu. Watu walipita na machela. Salwa akasema bila kunitazama:

"Toa wewe, dada."

Nikamwambia hapana, yeye ndiye aliyefundishwa, yeye ndiye mwenye chake ndani. Nililisema hilo kwa makali, nikitaka limchome.

"Ndiyo sababu," akasema. "Mimi nikikishika kile kidonge ninaihurumia ya kwangu. Akisema daktari nusu, nitatoa kizima, ili isife. Ninajijua. Wewe humhurumii mwingine ila yeye. Ikifa, ife. Yeye abaki."

Nilitaka kumchukia kwa maneno hayo, nikakosa pa kushika. Alikuwa ametoa figo, na sasa anatoa hata haki ya kuitunza. Kile nilichokitaka kuliko vyote, kuwa mkono wa mume wangu, hata hicho alinipa yeye. Mume mwenyewe hakunipa. Nikasema vyema, nikauchukua ule mkoba nikaupakata, ili niwe na kitu cha kufanya.

Na hakujua. Maskini, hakujua kwamba wa kuogopwa pale nilikuwa mimi. Kwani yeye aliogopa kuzidisha. Mimi shetani alinijia kwa njia nyingine. Jioni ya kwanza Kibiti, nikiwa nimekata kidonge kwa wembe kama nilivyoelekezwa, nikakitazama kile kipande kwenye kiganja nikawaza: kikianguka hapa sakafuni siku chache tu, mwili wa Habibu utamtoa Salwa wenyewe. Hakuna atakayejua. Kovu lake litabaki kovu la bure. Niliwaza hivyo kwa uzito wote, sikatai. Kisha nikasikia Habibu anakohoa barazani, nikakumbuka daktari alivyosema kwamba nyingine hakuna. Nikatoka nikampa.

Tangu hapo, jioni za Salwa, mimi ndiye niliyevuka barabara. Nilifika kidonge kikiwa kwenye kifundo cha khanga, nikamkuta ameweka kigoda, Habibu ameketi, na yeye Salwa amesimama na bilauri ya maji. Mimi nikatoa, yeye akanywesha. Mke na mke, na mwanamume katikati amefumbua mdomo kama kinda. Mtu angepita angecheka. Niliyaonea wivu hata yale maji.

Kulikuwa na wiki ambazo miguu yake ilianza kuvimba tena, vipimo vya figo vikapanda, na daktari akapiga hesabu zake upya. Wiki hizo Salwa alikonda. Hakuniuliza hata mara moja kama nampa sawasawa. Angeniuliza ningemtukana, na pengine ningefarijika. Badala yake alikuwa ananisindikiza mpaka barabarani, kila jioni, akarudi. Nami nikajikuta baada ya Isha ninaiombea ile figo kwa jina lake: Mola, ihifadhi figo ya Salwa. Nilikuwa namwombea mke mwenzangu akae ndani ya mume wangu. Mtu asikwambie mapenzi ni jambo la raha.

Ikahifadhika. Mguu ukapona ukabaki na shimo, kuvu haikurudi, figo ikatulia. Siku daktari alipotwambia hayo Salwa aliegemea ukuta akalia kwa kwikwi, na mimi nikafurahi. Nilifurahi kweli, na palepale nikachukizwa kwamba furaha ile ilikuwa yake kwanza, yangu baadaye.

Habibu aliishi miaka mingi baada ya hapo kwa mkono wangu. Alikufa lile daraja kubwa la mto wa kwetu limeshafunguliwa, na si figo iliyomwua. Ni presha iliyompiga dukani akipima misumari. Daktari Tamimu alipopata habari alisema ile figo ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho, na alisema kwa kunisifu. Tulikaa eda mimi na Salwa kila mtu nyumbani kwake. Ilipokwisha, ndugu wa Salwa walikuja kumchukua, na baadaye akaolewa na mkulima mmoja wa kijiji cha Mkongo, mtu mwema, nasikia. Alipokuja kuniaga alinishika mikono yote miwili, akaibusu. Nami nilimbusu. Sikuwa na ugomvi naye.

Mimi nilirudi Ruaruke, kwa kuwa ndiko tulikomzika, pembeni ya shamba letu la kwanza. Ijumaa huenda nikapalilia kaburi na kumsomea Yasini. Mwanamkuu, jirani yangu, hunikuta njiani nikirudi, na siku moja aliniambia kwa nia njema kabisa:

"Hata hivyo, dada Mwatumu, umebaki naye peke yako sasa. Kilichokutoka kimekurudia."

Nikamwitikia, nikamwuliza habari za mpunga wake. Ni mwanamke mzuri, na nisingejua pa kuanzia kumweleza. Salwa yuko Mkongo, mzima wa afya, anampikia mume mwingine, na bado ndiye aliyezikwa pamoja na wangu.